Picha ya Chumba cha Nyuma

Huu ni mwaka wake wa ishirini na mbili akiwa fundi wa televisheni, na bado wateja wakiingia kibandani kwake humwuliza fundi yuko wapi. Yeye anakuwa amekaa palepale, bisibisi mkononi, kanga kiunoni, miwani imeshuka puani, mgongo wa televisheni ya mtu umefunguliwa mbele yake. Zamani alikuwa akijibu, "Ndiye mimi." Siku hizi hujibu, "Ametoka kidogo, karibu ukae," kisha anaendelea na kazi mpaka mteja agundue mwenyewe. Wengi hugundua upesi. Mmoja alikaa nusu saa nzima, akaaga kwa adabu, akasema atarudi fundi akirejea.

Kazi alifundishwa na mjomba wake, mtu wa maneno machache aliyeamini kwamba kifaa hakidanganyi, anayedanganya ni mwenye nacho. Kutoka kwa mjomba alirithi meza, koleo mbili, na kamba ya katani yenye fundo kila baada ya mita moja. Kamba hiyo ndiyo anayopimia njia ya waya. Haipimi hewani. Anaianzia nyuma ya televisheni, anaishusha sakafuni, anaipitisha kwenye kona, anaipandisha juu ya fremu ya mlango, anahesabu mafundo. "Waya si ndege," huwaambia wateja. "Unatembea kwa miguu." Na wakimwuliza waya upi ni bora, ule mnene, ule uliosukwa au ule wenye ncha za dhahabu, huwapa jibu lisilopendwa na muuzaji yeyote: waya bora ni ule mfupi kuliko zote zinazofika.

Mjini wanamwita Fundi. Mama yake mzazi anamwita Fundi. Hata mdogo wake wa kiume, waliyenyonya ziwa moja, anamwita Fundi, lakini yeye hulitamka jina hilo kama mtu anayeita mzigo upakuliwe. Mdogo huyo ni meneja wa manunuzi katika ofisi kubwa, na nyumbani wote wanamwita Meneja, jina ambalo halijawahi kumkera. Kazi yake ni kununua vitu, na kwa hiyo haoni sababu ya kumwuliza mtu kabla ya kununua.

Mama yao anakaa kwa Meneja tangu alipoteleza bafuni na kuvunjika nyonga. Chumba chake kiko mwisho wa korido, nyuma ya jiko. Haendi popote. Daktari amesema miezi minne bila kukanyaga, na hata kuketishwa kwenye kiti cha magurudumu bado. Fundi huja kila siku ya pili kumwogesha na kumgeuza, na katika siku hizo ndipo aliposikia habari ya mechi.

Binti wa Meneja ni golikipa wa timu ya shule yao, na timu imeingia fainali. Mechi ingeonyeshwa moja kwa moja kwenye mtandao, Jumapili saa kumi alasiri. Sasa mtoto huyo amelelewa na bibi yake. Bibi alikuwa mshonaji, na glavu za kwanza za mjukuu alizishona yeye kwa kitambaa cha pazia, akajaza pamba kwenye viganja. Kwa hiyo mama hakuomba mengi. Alisema, "Nataka niione na wenzangu. Wakipiga kelele, na mimi nipige."

Meneja akaahidi. Tena akaahidi mbele ya watu, maana alikuwa ameshaalika wakubwa zake wa ofisini. Akanunua televisheni ya inchi sabini na tano, na homu thieta ya spika sita na sabufa linalotikisa vikombe kabatini. Chumbani kwa mama akaacha ile televisheni ya zamani, ya inchi thelathini na mbili, akamwekea kiboksi chake cha kuvuta matangazo ya mtandao. Kiboksi hicho kingemaliza mambo, ila kila kiboksi kina mwendo wake. Walipojaribu kwa mechi nyingine, sebuleni watu walishangilia goli, na mama alisubiri karibu nusu dakika ndipo akaliona. Lilipoingia kwake, sebuleni walikuwa wameshakaa.

"Mimi nimekuwa mtu wa kupelekewa habari," mama alisema.

Fundi akamweleza mdogo wake pole pole, kama anavyoeleza wateja wagumu. Kiboksi kibaki kimoja, kule sebuleni. Picha yake igawanywe kwa spilita, iende televisheni mbili kwa wakati mmoja. "Usinunue kitu," alisema. "Nitakuja na vyote."

Meneja akaitikia sawasawa. Kesho yake akakirudisha dukani kiboksi cha mama, akabadilishiwa kitu kingine.

"Hii ni nini?" Fundi aliuliza alipofika.

"Spilita."

"Hii inaingiza tatu, inatoa moja. Sisi tunataka iingie moja, itoke mbili. Umenunua kinyume chake."

"Muuzaji amesema inafanya yote."

"Muuzaji ameshika lini televisheni iliyoharibika?"

"Fundi, lile ni duka kubwa. Lina vioo, lina kiyoyozi. Wale ni wataalamu."

Fundi alihesabu kimyakimya mpaka kumi, desturi aliyoianza siku alipomfundisha mdogo wake huyuhuyu kuendesha baiskeli. Kisha akauliza habari ya waya. Meneja akauleta kwa fahari. Ulikuwa umesukwa kama nywele za bibi harusi, ncha zake zinang'aa dhahabu, na ulikuwa wa mita kumi.

"Umepima na nini?"

"Nimepiga hatua. Kutoka pale hadi kitandani kwa mama ni hatua tisa."

"Umepita ukutani?"

Meneja akatazama ukuta. Fundi akatoa kamba yake, akaanza safari ya sakafuni, konani, juu ya fremu ya mlango, koridoni, nyuma ya jiko. Mafundo kumi na saba. Aliporudi sebuleni alikuta mdogo wake ameshaondoka na gari. Jioni simu ikaita: Meneja amenunua waya wa mita ishirini, wa kawaida, kwa sababu muuzaji amemhakikishia kwamba waya ni waya. Ulipochomekwa, picha ya mama ilikuja, ikakatika, ikaja, ikajaa vitone vyeupe, ikakatika tena. Urefu ule unachosha waya wa kawaida. Picha inafika hoi au haifiki. Fundi alikuwa ameshamwambia hivyo mara mbili, mara moja kwa mdomo na mara moja kwa ujumbe wa maandishi, na ujumbe ule ulikuwa umesomwa.

Ukweli ni kwamba alikasirika. Haikuwa kwa sababu ya waya. Kwa mashine za watu wengine, watu walikuwa wakitoka mtaa wa mbali kumtafuta. Kwa mashine ya mama yake, ilibidi ashindane na kijana wa dukani mwenye fulana ya rangi.

Jumamosi alifunga kibanda mapema. Alikuja na spilita yake mwenyewe, ndogo, isiyo na urembo, na waya mwembamba wa nyuzi za mwanga ambao haujali umbali, mradi ncha ya kuingilia isikae mahali pa ncha ya kutokea. Akaupitisha, akaubana ukutani kwa vishikizo vidogo, akachomeka. Televisheni zote mbili zikawaka pamoja. Akasimama koridoni, jicho moja sebuleni, jingine chumbani, akaona mtangazaji yuleyule anafumba mdomo uleule kwa wakati mmoja. Mama alipiga makofi mara mbili kitandani, kisha akasema mkono unamuuma.

Meneja hakupiga makofi. Alisogeza uso karibu na televisheni yake kubwa.

"Picha imepungua."

"Imepungua kidogo. Spilita hii huziuliza televisheni zote mbili zinaweza nini, halafu hupeleka kile ambacho ile dhaifu inakiweza. Ya mama ni ya zamani."

"Na sauti? Hizi spika za nyuma mbona kimya?"

"Ni hivyohivyo. Ya mama ina spika mbili, basi nyote mnapata mbili. Ipo spilita nyingine inayompa kila mmoja chake, lakini ninakoipata wanafungua Jumatatu. Kwa kesho itakuwa hivi. Ni nzuri, watu wataona mpira."

"Kwa hiyo mimi nimenunua kitu chote hiki, nitazame kama mama."

"Kesho tu."

Meneja akanyamaza. Dada mtu angepaswa kuogopa kimya hicho. Anakifahamu tangu utotoni. Lakini alikuwa amechoka, magoti yanamuuma kwa kutambaa, akakusanya koleo zake akaenda.

Jumapili alifika dakika kumi kabla ya saa kumi. Viatu vya wageni vilijaa mlangoni, viatu vizuri. Sebuleni watu kama wanane walikuwa wamekaa wakizunguka meza ya soda, Meneja katikati na rimoti. Kwenye kioo wasichana walikuwa wakipasha misuli, na picha ilikuwa ya kuvutia kweli. Jani moja moja la nyasi lilionekana. Fundi alifurahi kwa pumzi mbili. Kwa ya tatu aligeuka nyuma. Kelele za uwanja zilikuwa zinamjia kutoka nyuma ya kichwa chake. Spika zote sita zilikuwa zinazungumza.

Alipita koridoni moja kwa moja.

Mama alikuwa ameegeshwa kwenye mito mitatu. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, la kola nyeupe, na miwani yake ilikuwa imefutwa ikang'aa. Mbele yake televisheni ilikuwa imewaka, kioo cha buluu, na maneno mawili katikati: hakuna picha.

"Imekatika tu kidogo," mama alisema. "Usimsumbue."

"Tangu saa ngapi?"

"Alikuja asubuhi. Ameniambia wakubwa zake wataona vibaya. Amesema atakuwa anakuja kunisimulia."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia sawa, mwanangu. Sauti inasikika, mlango ukiwa wazi." Mama akanyoosha kola ambayo ilikuwa imenyooka. "Ukishajua sauti ya watu wako, unajua na kinachotokea."

Basi na gauni la kutokea alikuwa amelivalia kioo cha buluu. Fundi alihesabu mpaka kumi. Alipofika kumi hasira ilikuwa palepale, imekaa kama mgeni asiye na haraka.

Akarudi sebuleni. Hakupandisha sauti, mjomba alimfundisha kwamba fundi anayepiga kelele anatafuta kosa lake mwenyewe. Alipita mbele ya wageni akisema samahani, samahani, akaingiza mkono nyuma ya televisheni kubwa. Akauona waya wake mwembamba umechomolewa, unaning'inia. Hakuugusa. Alichomoa kile kiboksi, kidogo kama kipande cha sabuni, na plagi yake. Jani moja moja la nyasi likazimika.

"Fundi," Meneja alisema, akiinuka. "Unafanya nini?"

"Ule waya mfupi uliokuja ndani ya kasha la kiboksi. Wa mita moja. Umeuweka wapi?"

"Upi? Ule wa bure?"

"Huohuo."

"Sijui. Kwenye droo. Fundi, wageni hawa—"

Waya ulikuwa kwenye droo, bado umefungwa kwa kile kiwaya chake cha plastiki. Fundi akautia mfukoni, akawageukia wageni.

"Mpira umehamia chumbani kwa mama," alisema. "Yeye hawezi kuja huku. Viti kule ni viwili, kwa hiyo kila mtu aje na chake. Bibi yake golikipa anawakaribisha."

Hakuna aliyesogea. Wote walimtazama Meneja, na Meneja alitazama rimoti. Kisha yule mkubwa kuliko wote, mzee mwenye tai, bosi wa mabosi, akainuka akashika kiti chake kwa mgongo.

"Sikujua mama yako yuko humu ndani," alimwambia Meneja. Akatoka na kiti.

Chumbani walibanana. Wengine walikaa sakafuni, mmoja juu ya kapu la nguo, wawili walisimama mlangoni na soda zao. Fundi alichomeka waya wa mita moja, ambao ulifika na ukabaki mlegevu. Picha ilikuja mara moja, bila spilita, bila dhahabu. Ilikuwa ndogo, na sauti yake nyembamba, na mpira ulikuwa umeshaanza.

Meneja aliingia wa mwisho. Nafasi iliyobaki ilikuwa chini, miguuni pa kitanda, kati ya mama na televisheni. Akakaa hapo na suruali yake ya pasi.

Dakika ya saba mshambuliaji alibaki peke yake na golikipa. Mama aliona mguu wa yule msichana ulivyojipinda kabla haujapiga, macho ya mshonaji hayo. "Kushoto, mwanangu," akasema, na kabla mtu yeyote chumbani hajafungua mdomo, alikuwa ameshapiga kelele. Mpira ulikuwa mikononi mwa mjukuu wake. Wengine walifuata, wamechelewa.

Kelele ilipotulia, Meneja aligeuka nusu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mama," alisema, "mimi nilifikiri—"

"Inama," mama alisema, akamwekea kiganja utosini akakishusha kichwa. "Unanizibia mtoto."

Akainama. Hakuinua kichwa mpaka mapumziko.