Alama ya Kushiba

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa saba, saa nne asubuhi, dada yangu alikufa akiwa ameketi juu ya gunia, nyumbani kwetu Molo, akichagua viazi vya kupakiwa kwenye lori. Nilimkuta na kiazi bado mkononi. Hospitalini waliandika moyo. Kabla ya moyo kulikuwa na ugonjwa wa sukari, na kabla ya sukari kulikuwa na mwili wake mkubwa, ambao watu waliusema tangu tukiwa wasichana.

Mimi ndiye mdogo wake. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo naandika nilichoona tu.

Mwaka uliotangulia, kliniki ya sukari ilimwelekeza kwa mtafiti mmoja mjini Nakuru, mwanamke wa makamo aliyekuwa akichunguza njaa: kwa nini mtu mmoja hula akatosheka, na mwingine hula na mwili ukazidi kudai. Tulimwita daktari. Alitueleza polepole kwamba tumbo likiwa tupu hutuma ujumbe kwenye ubongo kupitia damu, na likijaa hutuma mwingine wa kusema yatosha. Kwa watu wengine, alisema, ubongo hausikii vizuri ule wa pili. Na mtu kama huyo akijinyima hadi akapungua, mwili humwongezea njaa ili urudishe kilichopotea.

"Kwa hivyo si ulafi?" dada aliuliza.

"Si ulafi, mama."

Dada alifunika uso kwa kitambaa. Kanisani walikuwa wamemwombea mara mbili mbele ya watu wote, atolewe roho ya ulafi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulifika asubuhi, yeye akiwa hajala tangu jana yake. Wakamtoa damu. Msaidizi wa daktari, msichana mpole, akamletea bakuli la uji aliopika na kuupima mwenyewe, akakaa kumtazama mpaka akamaliza. Kisha damu tena, na tena, hadi saa sita. Kila mara alipewa karatasi yenye mstari mmoja. Mwanzo wa mstari ni njaa kali kabisa, mwisho wake ni nimeshiba kabisa. Alitakiwa kuweka alama mahali alipojisikia.

Dada aliweka alama mwishoni kabisa, kila mara.

Nilijua si kweli. Tulipotoka tu langoni alinunua mahindi mawili ya kuchoma, akayala amesimama. Nilimuuliza mbona asiandike ukweli. Aliniangalia kama mtu aliyenisikia nikitukana wageni.

"Msichana wa watu amenipikia, amekaa akanitazama nikila. Nimwambie uji wake haujanitosha?"

Tulilelewa hivyo. Ukilishwa kwa watu unasema umeshiba, hata kama ukifika kwako utawasha jiko. Mama alitufinya kwa hilo tukiwa wadogo.

Mdomo alikuwa nao. Jioni hiyo, kwenye stendi ya Molo, kijana wa boda alimwambia, "Mathe, wewe ni abiria wawili." Dada akamjibu, "Sawa, boss. Mmoja mpeleke leo, mwingine uje umchukue kesho." Wenzake wakacheka, na kijana akambeba. Ila ile karatasi ilimshinda.

Safari ya tatu, daktari alisema kwamba wale ambao njaa yao haiishi baada ya kula wangeingizwa hatua ya pili, ya dawa na kupimwa kila wiki. Alizitazama karatasi za dada kwa muda mrefu. Damu yake, alisema, haikufanana na alama zake. Kisha akanigeukia.

"Mama, wewe unaishi naye. Akila nyumbani, hushiba?"

Dada alikuwa ananitazama. Kwetu mgeni haambiwi kwamba ndani ya nyumba kuna mtu mwenye njaa.

"Hushiba," nikasema.

Hakuchaguliwa. Dada aliwashukuru, akamwachia msichana wa uji kabichi mbili alizokuwa amembebea kutoka shambani kwetu. Sisemi dawa ile ingemponya. Nasema niliulizwa, nami nikajibu uongo.

Wiki mbili baada ya mazishi daktari alikuja nyumbani kutupa pole. Nilimpikia chai na viazi. Nikamwambia yote: alama, mahindi, na jibu langu. Aliweka kikombe chini. Aliuliza kama wanawake wengine wa huku wangefanya vilevile. Nilimwambia wengi wetu. Akatoa daftari akaandika.

Nilimuuliza kama angeweza kuzirekebisha karatasi za dada. Alisema hapana, alama ni ya mwenyewe, hakuna anayeweza kumwekea. Nikauliza kama tungesema ukweli angepata ile dawa.

"Pengine ndiyo," alisema.

Kikombe chake kilikuwa kitupu. Nilimuuliza kama nimwongezee chai. Alisema ameshiba, asante. Nikaongeza, naye akainywa yote.