Moshi Kwenye Nyumba ya Mzee Fanueli

Violet ni fundi cherehani wa Mlandege, Iringa mjini. Si mtu wa maneno mengi. Habari hii alinisimulia huku akifumua mishono ya sketi ya shule, bila kuinua macho.

Baba yake, mzee Fanueli, alifariki kule Igowole, akaacha nyumba ya tofali, shamba la viazi na miti ya mbao. Watoto walikuwa wawili tu: Violet na kaka yake Jailos, fundi magari wa Iyunga, Mbeya. Siku ya tatu baada ya mazishi ukoo ukakaa kumteua msimamizi wa mirathi. Wengine walimtaka Jailos kwa kuwa ni mwanamume, wengine Violet kwa kuwa ndiye aliyemuuguza mzee. Kikao kikavunjika kwa matusi. Jailos akafunga mlango wa nyuma kwa komeo la ndani, akatoka mbele na kupiga kufuli. Violet akaongeza la kwake. Kila mmoja akapanda basi lake, na tangu hapo hawakupigiana simu.

Baada ya wiki mbili Violet akapigiwa simu na jirani wa Igowole, mama mmoja anaitwa Catherine.

"Violet, nyumba yenu inafuka moshi."

"Moshi wa nini, na imefungwa?"

"Sijui, mdogo wangu. Asubuhi, ukungu ukiwa mzito, jiko la baba yako linawaka. Juzi nimemwona mtu anachimba viazi. Amevaa koti la mzee." Catherine akashusha sauti. "Nikamsalimia, 'Kamwene!' Hakuitika. Aligeuka taratibu, akapotelea kwenye ukungu."

Habari zikamfikia Jailos pia. Alikuwa amepanga kwenda kuvunja kufuli la dada yake, lakini hakwenda. Watu wa Igowole wakaacha kupita njia ile, wakawa wanazunguka.

Mwezi wa pili baada ya msiba, muda wa tangazo la mirathi ulipokwisha, ndugu hao wakasimama mahakama ya mwanzo. Walifokeana mpaka hakimu akapiga meza kwa kiganja. Mwisho Violet akateuliwa, akaagizwa aorodheshe mali zote. Jailos alimkabidhi ufunguo wake koridoni.

"Haya, kaorodheshe," alisema. "Na huyo anayepika humo ndani umwandike."

Violet alifika Igowole saa nne asubuhi, ukungu haujainuka. Alifuatana na mwenyekiti wa kitongoji, Justine. Makufuli yalikuwa yameshaanza kushika kutu. Mlango ulipofunguka, harufu ya viazi vya kuchemsha ikawapiga usoni. Makaa yalikuwa mekundu. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai, vyote vikitoa mvuke, na kiti cha mzee kilikuwa kimevutwa karibu na moto. Justine akarudi kinyumenyume hadi kizingitini.

Ndipo koti la kijivu lililokuwa pembeni likasogea.

Alikuwa shangazi Esnath, dada wa marehemu, bibi wa miaka zaidi ya themanini, masikio mazito, aliyeishi na kaka yake miaka kumi. Siku makufuli yanafungwa alikuwa amelala stoo, nyuma ya magunia ya mahindi. Tangu hapo alikuwa akitoka kwa mlango wa nyuma alfajiri na kurudi. Violet akapiga simu Mbeya.

"Jailos, shangazi si ulimchukua wewe?"

"Mimi nilijua uko naye Iringa."

Katika orodha ya warithi jina la shangazi halikuwepo, kwa hiyo si ukoo wala mahakama iliyomuulizia.

Violet akapiga magoti, akasema kwa nguvu, "Shangazi, umeishije humu peke yako?"

"Peke yangu?" Bibi akashangaa. "Nipo na kaka."

"Baba alifariki, shangazi. Tulimzika."

"Najua. Si nilikuwepo?" Akakisogeza kikombe cha pili mbali na ukingo wa meza. "Kanikataza kutokea mlango wa mbele mpaka mmalize. Kasema mlifokeana hadi hakimu akapiga meza kwa kiganja. Aliona aibu sana."

Violet akamtazama Justine. Justine akatikisa kichwa. Hakuna mtu wa Igowole aliyekuwepo mahakamani siku ile.

Jailos alikuja kesho yake, ila ndani hakuingia. Waliongea wamesimama kwenye miti, kwa upole, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Wakakubaliana kwamba hakuna cha kuuzwa shangazi akiwa hai, na kwamba Catherine atamletea maji. Bibi mwenyewe alikataa kuhama. Violet humtembelea kila mwisho wa mwezi.

Mwaka huu mahakama ilimwita aeleze kwa nini hajafunga mirathi. Alijibu kwamba nyumba bado ina wakazi. Karani akashika kalamu, akauliza ni wangapi.

"Nikamwambia aache nafasi hiyo wazi," Violet aliniambia, akaendelea kufumua.