Gauni la Hadija Mnadani

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, na tangu Jumapili iliyopita sioni tena haya kusema hivyo.

Parokia yetu hapa Kigali ilikuwa ikichangisha kwa ajili ya paa la kanisa. Kila nyumba inapeleka kikapu cha mavuno madhabahuni, na baada ya misa vyote vinanadiwa uwanjani. Mke wangu alikuwa na homa, akanituma nipeleke maharage. Nilichukua kikapu kilichokuwa pembeni mwa chumba. Kilikuwa chepesi, nikajisifu kwamba bado nina nguvu.

Nilikwisha kukiweka mbele ya padri nilipoona lesi nyeupe ikichungulia chini ya kifuniko. Lilikuwa gauni la harusi la Hadija! Mama yake, jirani yetu hapa mtaani Rwezamenyo, alilishona mwenyewe, akalihifadhi kwetu ndani ya kikapu kwa sababu nyumba yake inavuja. Na ndoa ilikuwa mchana wa siku ileile.

Misa nzima niliomba vikapu vinadiwe bila kufunguliwa, nikinunue changu kimyakimya.

Uwanjani, katekista aliyekuwa akinadi alikifungua, akalikunjua gauni juani. "Iko mpya kabisa! Nani anataka?"

Niliinua mkono haraka.

"Eh, Baba Kizito! Kumbe ni wewe unaolewa?"

Uwanja mzima ulicheka, isipokuwa mtu mmoja nyuma yangu. Mama Hadija alikuwa amekuja kununua ndizi za karamu.

"Baba Kizito," alisema polepole, "nguo ya mtoto wangu iko inafanya nini kwa padri?"