Sauti ya Iringa

Miaka ya sabini nilikuwa opereta wa simu Mbeya. Laini za kwenda Iringa zilikuwa mbili tu, na hakuna mteja aliyekuwa na yake. Aliyetangulia kuomba nilimpa iliyo wazi. Akimaliza, nilichomoa waya nikampa mwingine. Upande wa pili alikaa opereta wa Iringa, msichana niliyemjua kwa sauti tu. Mchana, simu zikipungua, tulizungumza kidogo. Nilikuwa nimeshanunua kitambaa cha suti, nikingoja likizo niende nikamweleze nia yangu.

Kisha akaja fundi wa laini, Mhehe kama msichana yule. Akiwa juu ya nguzo huko Igawa alinipigia: "Kaka, niunganishe na Iringa nipime." Nikachomeka ncha moja ya waya kwake, nyingine Iringa. "Kamwene," alimsalimu, na msichana akacheka. Mimi, Mnyakyusa, hakuwahi kunichekea hivyo.

Tangu hapo, fundi akiomba Iringa, nikawa namwambia laini zimejaa, ilhali zote ziko wazi mbele yangu.

"Basi nangoja, kaka," alijibu, huko kwenye upepo. Hata kungoja kwake kuliniudhi.

Siku moja nikawaunganisha makusudi, nikaacha swichi ya kusikilizia wazi. Opereta akidukua hufunika mdomo wa simu kwa kiganja, nami nilifunika. Walizungumza Kihehe kirefu, sikuambulia kitu. Mara msichana akageukia Kiswahili, akaifanya sauti nzito: "Iringa, habari za baridi, dada? Umekula lakini?" Ilikuwa sauti yangu hasa, pamoja na kile kikohozi ninachotanguliza. Fundi alicheka mpaka nikadhani ataanguka.

Kiganja kikaniponyoka. "Sisemi hivyo," nikasema.

Kisha msichana, taratibu: "Mbeya, toa sikio."

"Laini nzima, kaka," fundi akasema. "Wewe pole."

Likizo ilipofika sikwenda Iringa. Baadaye nikajua fundi alikuwa na mke na watoto Makambako. Na kwamba mtu haigi vizuri hivyo sauti asiyoisikiliza kwa makini, hilo lilinijia nikiwa mzee, suti yenyewe imeshachakaa kwa harusi za wenzangu.

Tuliendelea kukaa pande mbili za waya.

"Iringa, habari za baridi?"

"Namba?"

Nikamtajia.