Mstari wa Sita

Kambini kwetu, kwa sisi tunaoishi ndani ya magari-nyumba, mtu anayefunga gari dogo nyuma ili alivute safarini hasemeshwi. Ukimkuta ameinama kati ya gari-nyumba lake na kigari chake, unapita kimya, hata awe ndugu yako mliyepoteana miaka kumi. Mimi Lorene, niliyeishi miaka tisa katika jangwa hili la Arizona, na mdomo usio na breki, niliivunja sheria hiyo.

Delbert Stucky alikuwa fundi wa mabasi ya shule. Alipostaafu, yeye na mkewe Orpha waliuza nyumba wakahamia kwenye gari-nyumba, nyuma wakivuta kigari chekundu, magurudumu yake yote manne yakizunguka barabarani. Vifaa alivifunga mwenyewe: chuma cha kuvutia chenye mikono miwili, pini zake, minyororo ya usalama, waya wa taa, na breki inayojikamata endapo kigari kitachomoka. Kigari hicho ndicho kilichompeleka Orpha kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, maana figo zilikwisha. Binti yao Renae alitaka mama apelekwe nyumba ya wazee. Orpha hakutaka kusikia.

"Nikifa, nife kitandani kwangu, Delbert akikoroma pembeni," alikuwa akisema.

Kila safari Orpha alisimama nyuma na kipande cha boksi alichoandika mistari tisa. Yeye anasoma, Delbert anafanya, kisha anajibu, "Tayari." Asubuhi ile ya Machi miguu ilimgomea, akaniita dirishani.

"Lorene, shoga, nisomee leo. Ila soma tu, umbea uache."

"Umbea wangu umekukosea nini?"

"Usinichekeshe, mbavu zinauma."

Nilisoma vizuri hadi mstari wa tano, waya wa taa. Hapo wakapita wageni wapya wakimsukuma paka wao kwenye kigari cha mtoto mchanga.

"Delbert, hebu ona! Paka kapakiwa kama bwana mkubwa!"

Delbert akainuka, akacheka hadi akakohoa. "Huyo anaishi vizuri kuliko mimi."

Niliporudi kwenye boksi, nilisoma mstari wa saba. Wa sita ulisema: weka gia ya kigari huru.

Dereva wa gari-nyumba kubwa hahisi kinachotokea nyuma. Walikwenda maili arobaini wakikiburuta kigari kikiwa kwenye gia, mpaka dereva wa lori akawapigia honi kwa ajili ya moshi. Giaboksi ilikuwa imeungua yote, na bima ikasema kosa ni la mwenye gari.

Siku mbili baadaye niliwafuata kwenye kambi waliyokwama. Renae alikuwa amefika kwa ndege. Orpha alilala kitandani, mlango wa chumba wazi. Delbert alikaa kwenye ngazi, mikono bado ina masizi.

"Bi Lorene, wewe ulikuwepo," Renae akasema. "Baba anasema alisomewa kila kitu, akasahau mwenyewe. Alionekana amechanganyikiwa?"

Delbert hakuniangalia. Nafasi ya kusema nilikuwa nayo, na maneno siku zote ninayo. Niliogopa, basi. Niliogopa macho ya Orpha.

"Kidogo," nikasema.

Renae alichukua funguo siku hiyohiyo. Gari-nyumba likauzwa. Orpha akapelekwa nyumba ya wazee Nebraska, kwenye kitanda chenye vyuma pembeni, na Delbert akaruhusiwa kukaa naye mpaka saa mbili usiku tu. Orpha alimaliza wiki saba tu humo, akafariki.

Baada ya mazishi nilimpigia Delbert simu.

"Niliruka mstari, Delbert. Wa sita."

"Najua. Boksi ninalo."

"Kwa nini hukusema?"

"Kufunga gari ni kazi yangu. Hata usiponisomea, nilipaswa kujua."

Nililia, naye akaningoja nimalize. Hakunikemea, na nilitamani anikemee.

"Lile la paka nakusamehe," akasema. "Lakini ile 'kidogo' yako Orpha aliisikia. Tangu siku hiyo akawa ananikumbusha kufunga vifungo vya shati. Ananiandikia jina la binti yetu kwenye karatasi, ananitilia mfukoni. Siku ya mwisho hakuwaza maumivu yake. Alikuwa anamwuliza muuguzi nani atamtunza mume wake, maana akili imemtoka."