Wale Wamama Hawakuruka

Bibi yangu, mama wa watoto wangu, alikuwa anacheka wakati sakafu ilitoka chini ya miguu yake. Ninaanza na kile kicheko maana ndicho kinanikamata mpaka leo, kupita vumbi, kupita damu.

Mimi nilikuwa chini, karibu na ngazi, na kreti ya sucré, soda za wamama, kwa bega. Yeye alikuwa juu, kwa balcon, ile sakafu ya pili kule nyuma ya sale kubwa ya theatre, mbele kabisa, katikati ya wamama wenzake wa chama cha soko. Wote walivaa pagne moja, kitenge cha bluu, na walikuwa wanacheza. Akainama, akanipigia kelele:

"Papa! Ile kreti unaipandisha ao unaibatiza kwanza?"

Wamama wakacheka. Nikainua macho nimujibu. Halafu nikasikia kitu kama mutu anavunja muwa kwa goti. Tac. Kisha tac ingine. Na ile bluu yote ikashuka pamoja, kama nguo inaanguka toka kwa kamba.

Niliamuka na mbao juu ya muguu wangu. Pembeni yangu mama mumoja alilala, hata sikumujua. Aliniomba nimuvutie pagne vizuri, watu wasimuone mapaja. Nilivuta nilivyoweza. Alisema merci. Hakusema kitu kingine tena.

Bibi yangu walimutoa kati ya wale wa mwisho. Midomo yake ilikuwa nyeupe ya vumbi, kama mutu aliyelamba unga.

Na kisha radio ilisema nini? Ilisema wamama waliruka. Walikunywa, wakaruka bila adabu, balcon ikavunjika. Donc ni wao wenyewe walijiua, na waliua wale waliokuwa chini. Mimi nilikuwa pale. Sikusoma sana, niliacha masomo darasa la ine, lakini macho yangu haiko darasa la ine. Ninaandika juu ya ile jambo moja: hawakuruka.

Ile nyumba ya theatre wazungu ndio waliijenga, wakati mutu mweusi alikuwa anaingia kwa kufagia tu. Papa yangu alitoka Maniema kutafuta kazi, na yeye pia alifagia mule, lakini yeye ilikuwa wakati wa Zaire. Siku zingine alikuwa ananipeleka asubuhi. Viti vilikuwa nyekundu, vya kitambaa laini kama mugongo wa paka. Nikitaka kukaa, ananipiga kofi ndogo: "Simama. Hii viti iko na wenyewe." Wenyewe sikuwaona hata siku moja. Niliona popo tu kwa dari, na papa yangu na ufagio.

Kisha vita. Kisangani iliona vita za kila aina, lakini ile ya majeshi mawili ya wageni waliokuja kupigana kati yao katika muji wetu, sisi katikati kama nyasi, ile ndiyo ilitoboa paa ya theatre. Bombe iliingia juu, ikapasuka karibu na jukwaa. Balcon haikutikisika. Familia zilizokimbia makwao zikaingia mule kuishi, wakavunja viti wakapika ndizi za makemba na ile miti ya viti. Siwahukumu. Mutoto akilia njaa hauangalii kiti iko ya nani. Hata wao, na watoto na magodoro, walilala juu ya balcon miaka, na balcon iliwabeba.

Ilikuwa na nguzo, ndiyo sababu. Nguzo za muti mugumu, zile za zamani, zimesimama chini yake kwa musitari. Mutu mumoja hakuweza kuzikumbatia mikono ikutane.

Kisha ikakuja ile habari ya kutengeneza theatre. Mradi, watu wa Kinshasa, makaratasi, picha. Mimi nilikuwa toleka, mutu wa kubeba watu kwa kinga, baiskeli. Wakati ule niliacha kubeba watu, nikabeba mifuko ya simenti na muchanga mpaka kwenye chantier, pale wanajenga. Nitasema ukweli: walifanya kazi nzuri. Paa mupya. Jukwaa mupya ya mbao ya kunukia. Viti vyekundu vilirudi. Waliosha nguzo, wakazipaka rangi ya dhahabu. Bibi yangu alikuja kuangalia siku moja na beseni ya kwanga ya mihogo kwa kichwa, akasimama mulangoni, akasema: "Kumbe na sisi tutaingia humu?" Nikamwambia ndiyo.

Wakati wa ufunguzi ulikaribia. Mukubwa mumoja alipaswa kutoka Kinshasa kukata utepe. Mbele yake akatumwa mukubwa wa protokole, mutu wa viatu vyenye ncha, anatembea anainua suruali isiguse vumbi. Huyu ndiye wa kwanza kati ya wale ninawadai jibu. Jina lake ninalijua, na yeye anajua kama ninalijua.

Alileta fotei, viti vinene vya wakubwa, zimefungwa na plastiki. Mahali pa fotei ni mbele, karibu na jukwaa, hata mutoto anajua. Yeye alikataa. Mbele kulikuwa na joto. Climatiseur, mashine za baridi, zilikuwa zimetundikwa chini ya balcon tu, maana pale dari iko karibu. Akasema mukubwa hawezi kutoka jasho mbele ya camera. Wakasukuma fotei mpaka nyuma, kwenye baridi. Akakaa mwenyewe kwa ile kubwa, ajaribu. Akapinda shingo kuume. Akapinda kushoto. Nguzo mbili za katikati zilimuziba jukwaa.

"Mukubwa ataangalia muti?" akauliza.

Enjenyeri alikuwa pale na kofia yake ya njano. Huyu ndiye wa pili. Sisi wabebaji tulikuwa tunamwaga muchanga karibu na mulango, tulisikia yote.

"Chef, hii nguzo zinabeba," enjenyeri akasema.

"Zinabeba nini? Siku ile hatutapandisha mutu juu."

"Na kisha ya siku ile?"

"Kisha utaweka chuma. Wewe si enjenyeri? Ao nimuite mwingine?"

Enjenyeri akavua kofia, akajikuna, akairudisha. "Bon," akasema. "Kateni."

Walikata na musumeno wa moteri. Ndani muti ulikuwa bado mwekundu, kama nyama. Walipomaliza, mwenzangu mumoja wa toleka akaangalia balcon, akasema polepole: "Sasa iko kama papa bila mukaba. Akisimama tu ni sawa. Ngojea atembee." Tulicheka. Mukubwa wa protokole naye alicheka, hakujua tunacheka nini.

Siku ya ufunguzi juu ilifungwa kweli. Munyororo kwa ngazi, kofuli, na polisi mbele yake. Hata panya hakupanda, maana chini kulikuwa na kichwa cha mukubwa. Wachezaji wa theatre wa hapa kwetu walicheza vizuri mpaka watu walilia. Na yule mukubwa waliyemukatia nguzo aone? Nilimuona mimi mwenyewe kupitia mulango. Alilala. Mudomo wazi, kwenye baridi yake.

Kisha wote walirudi Kinshasa. Enjenyeri alituambia: munyororo usitoke mpaka chuma ifike. Chuma haikufika. Enjenyeri akapata chantier ingine mbali, akaenda. Hakuita mutu, hakupiga kelele. Alijua, akafunga sanduku yake.

Theatre ikabaki kwa mikono ya gérant, musimamizi wa sale. Huyu ndiye wa tatu. Mwanzo wachezaji walikuja na michezo yao, lakini wale hawaleti kitu, akawafukuza polepole. Ikakuja ndoa. Ikakuja makanisa, matanga, mikutano ya wanasiasa, ma-concert ya pombe. Watu wakawa wengi, sale ikawa ndogo, na juu kulikuwa na nafasi inalala bure. Siku moja nilipita, munyororo haukuwa tena kwa ngazi.

Bon, mutu ataniuliza: wewe ulijua, uliacha bibi yako apande? Sikuacha. Wakati chama cha soko kilikodi sale kwa sikukuu yao, nilikwenda kwa gérant, mimi na kinga yangu, nikamukuta anakula lituma, ndizi za kutwanga.

"Papa gérant, ile chuma ya balcon iliwekwa?"

"Iliwekwa zamani."

"Mbona siioni?"

Akanyoosha kidole na lituma juu yake. "Iko ndani ya dari. Inafichwa, juu ya uzuri. Wewe mutu wa kinga, kama kitu haina pedale unaweza kuiona?" Watu wake wakapasuka na kicheko.

Nilirudi nyumbani, nikamwambia bibi yangu: waliweka. Mutu mwenye funguo za nyumba amekuambia kwa mudomo wake, utafanya nini, utapanda na nyundo? Alinidanganya na chakula kinywani.

Sasa musikie juu ya muchezo wa wamama, maana ile ndiyo wamegeuza.

Bibi yangu alikuwa mutu wa mayi, wa muto mukubwa, familia ya upande wa Isangi, na wamama wengi wa kile chama pia. Kule kwao wanajifunza kucheza ndani ya mutumbwi mukubwa, wakati wa kusindikiza bibi-arusi. Ndani ya mutumbwi hauruki. Ukiruka, munazama wote, na bibi-arusi na masanduku yake. Donc wanacheza na mabega. Muguu unashikamana na mbao, magoti yanalegea kidogo, mabega yanapiga kasia: kuume, kushoto, wote pamoja. Wakati wa ndoa yetu mimi, mutoto wa Maniema, nilijaribu kuruka kama tunavyoruka sisi, shangazi yake akanikamata suruali mbele ya watu: "Bokilo, mukwe wetu, tulia, utatuzamisha!" Walinicheka mwaka muzima.

Ile muchezo ndiyo walikuwa wanacheza kwa balcon. Kasia. Mchana, jua bado iko juu, sucré bado iko chini kwa bega langu, hakuna mutu alikuwa amekunywa pombe. Nilikuwa ninaangalia miguu yao kati ya vyuma vya balcon. Hakuna kisigino kiliachana na mbao.

Commission ya uchunguzi ilikuja. Hawa ndio wa ine. Walipima shimo, wakapiga picha, wakaja mpaka kwa kitanda changu hospitali. Mumoja akaniuliza na kalamu tayari:

"Bamama balikuwa banacheza?"

"Ndiyo."

"Kwa nguvu?"

"Kwa furaha."

Akaandika. Nikamuuliza ameandika nini. "Nguvu, furaha, ni kitu kimoja tu, papa," akasema. Nikamwambia juu ya nguzo, nikamwambia juu ya munyororo. Hapo kalamu ilipumzika. Akaniambia nimechoka, nilale.

Wakati wa matanga, ndugu za bibi yangu walifika na baleinière, mashua kubwa ya mbao. Walikaa, walilia, walikula. Kisha mukubwa wao akanivuta pembeni, nyuma ya bâche, turubai ya matanga, na sauti ya aibu:

"Beau, shemeji, tuambie sisi tu. Ni kweli alikuwa amelewa?"

Nilimuoa mwanamuke ambaye hakugusa hata kifuniko cha chupa. Na kaka yake aliyenyonya naye titi moja ananiuliza vile, maana radio imesema. Nilimujibu hapana. Aliitika na kichwa. Lakini niliona macho yake: hakuamini. Amerudi Isangi na ile. Binti yangu wa mwisho, watoto wa masomo wanamwita "mutoto wa yule alivunja theatre". Muguu wangu haupigi tena pedale, hii ninaweza kubeba. Ile ya binti yangu siwezi.

Sasa wameanza kutengeneza theatre mara ya pili. Nilikwenda na fimbo yangu kuangalia. Wameweka nguzo za chuma chini ya balcon, kubwa, mahali palepale zile mbili zilikatwa. Walifanya kimya, bila camera. Na chini ya ngazi wamebandika kibao: NI MARUFUKU KURUKA. Nilisimama mbele ya kile kibao mpaka mulinzi aliniuliza kama ninaumwa.

Ninawauliza. Kama ni wamama waliivunja kwa kuruka, hizi nguzo mupya ni za nini? Mungeandika kibao tu, inatosha. Wewe wa protokole uliyesema ikatwe, wewe enjenyeri uliyesema kateni ukaenda zako, wewe gérant uliyetoa munyororo ukanidanganya, ninyi wa commission muliosikia munyororo na nguzo mukaweka kalamu chini: muko wazima, munakula, watu wanawapigia salute. Sitaki munipe kitu. Rudini kwa radio ile ile, kwa Swahili na kwa Lingala, saa watu wa soko wanasikiliza, na watu wa Isangi pia. Kila mumoja aseme jina lake na kile alifanya. Ondoeni kile kibao. Na yule aliyeandika kama bibi yangu aliruka, aje nyumbani kwangu, akae mbele ya binti yangu, amwambie nani alimuona.