Siku Niliyoingia Stade

Nilizaliwa kwenye vilima vya Nyabiondo, karibu na stade, uwanja wa mpira uliojulikana Masisi nzima na Walikale nzima, lakini nilikuwa nimeshazaa watoto wanne kabla sijaingia ndani yake.

Haikuwa kubwa kama zile za mijini. Ilikuwa na ukuta wa mawe ya mto, tribune moja, jukwaa la watazamaji lenye paa la bati, na nyasi ambazo kondoo wa parokia walizipunguza vizuri kuliko panga. Timu zilitoka Masisi, Walikale, Pinga, hata Goma. Siku ya mechi baba yangu aliingia na kaka zangu. Sisi wasichana tulibaki nje ya ukuta na mabeseni yetu ya ndizi mbivu. Basi nilijua mpira kwa masikio. Watu wakiguna, umepita pembeni. Wakilipuka wote na bati la tribune likapigwapigwa, ni goli. Wakinyamaza, mtu ameumia.

Hapo nje ndipo nilipokutana na mume wangu. Alikuwa amekuja na timu ya Walikale, wamekata msitu kwa miguu, na walikuwa wamefungwa. Alitoka wa mwisho, viatu vikining'inia shingoni.

“Dada, ndizi yako iko tamu?”

“Onja.”

Akaonja. “Leo hata sukari iko chungu,” akasema, lakini akala hadi akamaliza, na mechi iliyofuata akaja kwangu moja kwa moja, akiwapita wauzaji wengine wote.

Alinioa akanipeleka upande wao wa msitu, Mubi. Muda si mrefu vita vikaingia, na vilipoingia havikutaka kutoka. Mpira wa Walikale na Masisi ukafa. Vijana waliokuwa wakicheza, wengine walikwenda kwenye machimbo, wengine walichukua bunduki, wengine hatujui. Mume wangu alikwenda kuchimba dhahabu kule Omate. Siku moja shimo lilianguka, wenzake wakamfukua akiwa hai, ila mguu wa kulia haukunyooka tena. Tangu hapo alitembea na fimbo, akafanya kazi kwenye duka la vipuri vya moto, yaani pikipiki, la mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo, mtu wa sala, aliyempa kiti cha kukalia bila kuombwa. Mambo ya mpira mume wangu hakuyasema tena nyumbani. Mechi ikianza kwenye redio ya jirani, alikuwa anaingia ndani.

Kisha yakaja majira ambayo barabara ilipumua kidogo. Dereva mmoja wa lori akaniletea habari kwamba mama yangu, aliyebaki peke yake Nyabiondo, anaumwa kifua, hana wa kumchotea maji. Tukawaacha watoto kwa dada ya mume wangu, tukapanda moto moja sisi wawili pamoja na motari, dereva wake, mguu wa mume wangu umefungwa kitambaa usichomwe na bomba la moshi.

Tulikuwa tumeshaanza kuviona vilima vya kwetu pale mnyororo wa moto ulipokatika. Motari akaushika mkononi akautazama kwa huzuni.

“Papa, Mama, mupumuzike kwanza. Miye naenda kutafuta fundi pale centre. Nitakuya kuwatafuta.”

Mahali tuliposimama, ukuta wa mawe ulionekana juu kidogo ya njia. Mume wangu aliutazama muda mrefu. Mimi nilikuwa nawaza mama yangu na kifua chake, nikakaa juu ya mzigo.

“Mama wa batoto,” akasema, “hujaingia mule hata siku moja, njo vile?”

“Hata siku moja.”

“Twende nikuonyeshe.”

“Kuna nini tena cha kuonyesha?”

“Twende tu.”

Mlango wa stade haukuwepo. Walikuwa wameung'oa, mbao na bawaba zake. Mume wangu akasimama pale katikati, akaninyooshea kiganja kama mkata tiketi. Nikachuma jani la muhogo kando ya njia, nikampa. Alilipasua katikati, akanirudishia nusu, akasogea pembeni nipite. Nilicheka, lakini miguu ilikuwa mizito, kana kwamba baba yangu angenitokea aniulize nimefuata nini kwa wanaume.

Ndani nilikuta maharagi. Uwanja wote ulikuwa umelimwa matuta, na kandokando ya ukuta kulikuwa na vibanda vya majani na mahema yaliyochakaa ya watu waliokimbia vijiji vyao. Bikizee mmoja alikuwa anachuma majani ya maharagi. Alituona, akainuka.

“Munatafuta nani?”

“Hatutafute muntu, Koko,” mume wangu akamjibu, kwa lile jina tunalowaitia bibi zetu. “Tunakuya kutembelea stade.”

Bikizee akacheka hadi akashika kiuno. “Batu wote beko wanakimbia vita, nyinyi munatembelea stade! Basi mutembee. Haina mulinzi, haina mulango. Ila musinikanyagie maharagi.”

Tukatembea wenyewe, mume wangu mbele na fimbo yake, mimi nyuma, tukifuata mitaro kati ya matuta. Alinionyesha kila kitu taratibu. Hapa benchi la wageni lilikaa, na mvua ikinyesha maji yote ya uwanja yalikimbilia hapa, wenyeji walifanya kusudi. Hapa kona, ambapo mama mmoja mnene alikuwa anasimama na kumtukana kila mchezaji wa Walikale kwa jina lake. Pale goli, mti mmoja ulikuwa bado umesimama, mwingine ulikuwa umeshakuwa kuni. Alipofika katikati akasimama, akahesabu kitu kimoyomoyo, akasogea tuta moja.

“Hapa. Siku ile ya ndizi, hapa njo nilisimama mbele ya mechi kuanza.”

“Ulikuwa unafikiri nini?”

“Nilikuwa natetemeka magoti. Batu walikuwa wengi, mama. Sikuwahi kuona batu wengi vile wakinitazama.” Akanyoosha fimbo kuelekea ukuta. “Nikasikia mutoto mwanamuke ako anaita ndizi nyuma ya ukuta. Sauti ilipita juu ya ile fujo yote. Nikasema, kumbe hata huyu anafanya kazi yake na hatetemeke.”

Miaka yote hiyo hakuwa amenieleza hilo. Nikainama nikanyanyua mche wa maharagi uliolala, nikauegemeza kwenye kijiti chake.

Chini ya tribune kulikuwa na chumba cha mawe kilichokuwa vestiaire, wachezaji walikobadilishia nguo. Tulikuwa tunakikaribia risasi ziliposikika. Kwanza chache, mbali, upande wa kilima kingine. Halafu nyingi, na karibu.

Anayekaa kwenye vita anajua tofauti ya sauti hizo. Hakuna aliyepiga kelele. Wanawake walitoka kwenye mahema, wamekamata watoto mikono, wakakimbilia chumba kile kile cha mawe, kwa sababu ndicho pekee ambacho risasi isingepita ukutani. Bikizee wa maharagi alimsukuma mume wangu mgongoni. “Ingia, mugeni, ingia!” Mguu ule haukujua kukimbia. Nilimshika mkanda nikamvuta, tukaangukia ndani pamoja na wengine.

Tulijaa mle hadi magoti yakagusana. Mwanga uliingia kwenye tundu dogo juu. Kulikuwa na wazee, mama mmoja mwenye mtoto mchanga ambaye hata jina alikuwa bado hajapewa, na watoto wengi. Risasi zilipita juu ya bati la tribune, nikasikia moja ikiligonga. Msichana aliyekuwa mbele yangu akaanza kulia, na kilio cha mtoto mmoja huwaambukiza wote. Mama zao wakawaziba midomo kwa viganja. Nilikuwa nawaza watoto wangu Mubi, kwamba nimewaacha kwa sababu ya mama, na sasa hata kwa mama sitafika.

Ndipo niliposikia sauti ya mume wangu. Alikuwa anazungumza chini chini, puani, ile sauti ya watangazaji wa redio.

“Wapenzi wasikilizaji, tuko vestiaire, ndani ya stade ya Nyabiondo. Wachezaji wako wanavaa. Gardien wetu leo, mwenye kudaka, ni Koko. Koko, simama ... hapana, usisimame, kaa vile vile. Koko anavaa gants mikononi.”

Bikizee akajibu gizani: “Gants gani? Miye nadaka na pagne hii ya kiunoni.”

Mtoto mmoja akacheka kidogo ndani ya kiganja cha mama yake.

“Koko anadaka na pagne!” mume wangu akaendelea. “Arbitre, mwenye filimbi, amekubali. Numéro dix, ile namba kumi, ni huyu mwenye alizaliwa juzi, bado hana jina, lakini ako na mateke makali, muulize mama yake.”

“Makali kabisa,” mama mwenye mtoto akasema. Sauti yake ilikuwa imepasuka, lakini alisema.

Akawapanga wote. Aliwauliza watoto mmoja mmoja sikioni nani anataka kucheza wapi. Yule msichana aliyekuwa akilia alitaka kuwa nyuma, karibu na Koko. Akawekwa nyuma. Mechi ikaanza. Sijui alisema maneno mangapi siku ile, mtu ambaye kwa miaka hakutaja mpira. Risasi zikikaribia, alishusha sauti hadi watoto wakalazimika kuinama wamsikie, na wakiinama walinyamaza. Kitu kikubwa kikalipuka mahali fulani, vumbi likatuangukia vichwani. Akangoja kidogo, akasema supporters wa upande ule wamekasirika kwa sababu Koko amedaka tena. Nilikuwa nimeukamata mkono wake. Ulikuwa umelowa jasho, baridi. Sauti yake haikuonyesha chochote.

Mahali fulani katikati ya mechi akasema, “Na pale juu ya tribune, naona mama mumoja ameingia na beseni ya ndizi. Walinzi wamemufungulia. Anakaa mbele, pahali pa wakubwa.”

Nililia hapo. Si kwa woga.

Milio ilisogea taratibu kuelekea bondeni, ikawa ya hapa na pale, kisha tukaanza kusikia jogoo na mbuzi. Hakuna aliyetoka mpaka mzee mmoja alipochungulia akatuita. Msichana wa nyuma akamvuta mume wangu shati.

“Papa, nani ameshinda?”

Akamwinamia. “Mechi haijaisha. Mvua imenyesha, arbitre amesimamisha.”

“Itaendelea lini?”

“Uwanja ukikauka.”

Tulipotoka tuliona matuta mengi yamekanyagwa. Watu walikuwa wameyapita mbio. Hakuna aliyekufa pale stade siku ile, ingawa chini centre kulikuwa na vilio vya misiba miwili, na hema moja lilikuwa limepasuliwa. Bikizee alisimama akitazama maharagi yake. Mume wangu akaweka fimbo chini, akakaa kitako kwenye mtaro, akaanza kuinua miche, mmoja mmoja, akiishindilia udongo kwa vidole. Nikakaa upande wa pili wa tuta. Watoto wakaja. Tulifanya hivyo, nami nikamweleza bikizee habari za mama yangu, mpaka mwenyewe akatufukuza.

“Inatosha. Mama wa huyu anangojea. Mwende kungali jua.”

Motari wetu tulimkuta njiani, mzima, moto yake ameifunika kwa majani ya ndizi shambani mwa watu. Fundi alikuwa amekimbia na mnyororo. Tukakubaliana angoje, sisi tukaenda kwa miguu, mimi nimebeba mzigo kichwani, mume wangu akipumzika kila penye jiwe la kukalia.

Mama yangu alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia milio tangu adhuhuri, na kwa kuwa dereva wa lori alikuwa amemwambia tunakuja, akajua tuko njiani. Alinishika uso kwa mikono miwili, akakohoa, akanishika tena. Mume wangu alibaki nyuma, uani, ameinamisha kichwa. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani ovyo, na tangu anioe hawajawahi kukaa chumba kimoja. Nikampelekea kiti nje, upande wa pili wa ukuta wa jikoni. Nikamchotea mama maji, nikawasha moto, nikampikia uji. Alikunywa polepole. Nikamsimulia tulikokuwa: milio, chumba cha mawe, Koko na pagne yake. Alitikisa kichwa, akasema Mungu ashukuriwe.

Halafu akaegemea ukuta wa udongo na kuugonga kwa kijiko.

“Mukwe,” akaita.

Huko nje kiti kikatoa mlio. Nadhani alisimama kwa heshima. “Karibu, Mama,” akaitika.

“Siku ile ya kwanza batu walifungua stade, miye nilikuwa nabeba mimba ya huyu bibi yako. Sikuingia. Nyuma yake sikupata tena muda.” Akakohoa, akangoja kifua kitulie. “Ndani kule kuko aje?”

Nilisikia mume wangu akikaa, akivuta kiti karibu na ukuta. Akaanza na mlango.